Mtani Hucheka, Mtani Huzika

Leo naomba tuanzie barabarani. Ukishuka Kariakoo asubuhi yoyote utakutana na kijana mwenye mashati begani, saa mkononi na mikanda shingoni. Muulize mpita njia yeyote huyo ni nani, atakujibu bila kufikiri: machinga. Neno hilo limekwisha kuingia katika hotuba za viongozi, katika sheria ndogo za miji, na hata katika jina la jengo kubwa la wafanyabiashara kule Ilala. Ukiuliza limetoka wapi, wajuzi wa vijiweni watakuambia ati ni Kiingereza kilichovunjika mguu, kwamba vijana hao hutembea kutwa kama askari wa gwaride, ndiyo maana wakaitwa hivyo.

Maelezo hayo yanachekesha, na yanafanana na ukweli kwa sababu mji huu umezoea kuyavalisha maneno ya kigeni kanzu. Kariakoo yenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, likatiwa jando la Kiswahili likawa soko. Lakini wapo watu duniani wanaoitwa Wamachinga. Kwao ni pwani ya Lindi, na mpaka leo kaskazini ya mji wa Lindi kuna ghuba iitwayo Mchinga. Vijana wa kusini walipokuja Dar es Salaam kutafuta riziki wakazunguka na bidhaa mikononi, mji ukalichukua jina la watu ukalifanya jina la kazi. Leo Mchaga ni machinga, Msukuma ni machinga, na Mmachinga mwenyewe akisema kabila lake watu wanamuuliza anauza nini.

Hapo ndipo swali langu la leo lilipo. Ni wakati gani mchezo wa maneno unakuwa utani, na ni wakati gani unakuwa dharau? Nauliza kwa sababu siku hizi vijana wengi wanapanda jukwaani peke yao, wanashika kipaza sauti na kuwachekesha watu waliolipa kiingilio, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kugeuza maneno: neno moja maana mbili, jina la mtu likawa jina la kitu, kabila la mtu likawa kichekesho. Hakuna ubaya. Lakini pwani ya Kilwa na Lindi ilikuwa na kazi hiyo karne nyingi kabla ya kipaza sauti, na ilikuwa na kanuni zake. Hebu tuzitazame.

Tuanze na fedha. Masultani wa Kilwa Kisiwani walitengeneza sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Sarafu hizo zimeokotwa Kilwa, Mafia, Unguja, na mwaka 1944 chache ziliokotwa mbali kabisa, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia. Wataalamu waliozisoma waligundua jambo la kupendeza. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina: jina la sultani linaitikiwa na sifa ya Mola. Fikiri, ndugu msikilizaji, muuza samaki wa Kilwa alikuwa anapokea kiganjani mwake ubeti mdogo. Akiigeuza sarafu, anageuza kina.

Kisha tumtazame msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Alimkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walikuwa wamempa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Ibn Battuta anasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomkabili sultani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo zilezile alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya jirani na msikiti, akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tusipite hapo bila kuona kwamba ukarimu huo ulilipwa kwa binadamu wenzetu.

Sultani huyo alipofariki akatawala ndugu yake, Daud, na mkono wa Daud ulikuwa mzito. Mwombaji akija, anasimulia Ibn Battuta, Daud alikuwa akimjibu kwamba yule mwenye kutoa amekwisha kufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Jibu hilo lina ukatili, lakini mtu wa Kilwa analijua umbo lake. Lakabu ya marehemu imechukuliwa kwa maana yake ya wazi, ikafungwa mlango. Kama baba wa vipawa amekufa, vipawa navyo vimekuwa yatima. Mwombaji anaondoka mikono mitupu, na huenda anacheka njiani bila kupenda.

Hata hadithi ya kuanzishwa kwa Kilwa ni hadithi ya maneno. Tarikh ya mji huo inasema kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetajwa kuwa ametoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mwenyewe kwa nguo zitakazokizunguka. Mwenye kisiwa akakubali, akavuka bara, lakini moyoni alipanga kurudi na watu wake siku ya maji kupwa, kwa sababu wakati huo mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Ali akachimba mkondo, bahari ikaingia, na maji hayakupwa tena kiasi cha kuvukika. Mimi kila nikiisoma hadithi hii naona watu wawili wanaobishana juu ya maana ya neno kisiwa. Yule wa kwanza aliuza mahali panapokuwa kisiwa nusu ya siku. Yule wa pili akasema: umeniuzia kisiwa, basi na kiwe kisiwa mchana na usiku.

Na jina la Kilwa lenyewe halikupona. Mzee mmoja wa Kivinje aliniambia, huku akitafuta meno ya kucheka nayo, kwamba Kilwa si jina la mji, ni kitenzi: kilianza kwa kula, kikaishia kuliwa. Wataalamu wa lugha hawatakubaliana naye, lakini wanahistoria watatikisa kichwa. Kilwa ilikula dhahabu ya Sofala. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida wakaja wakaula mji. Mwaka 1587 wakafika Wazimba, na mtawa wa Kireno João dos Santos aliandika kwamba waliwaua na kuwala watu wapatao 3,000. Kama waliliwa kweli au mtawa alitia chumvi, hayo tuwaachie wengine. Mzee yule kwa silabi mbili alikuwa amenipa karne tatu.

Sasa, kazi hii ya kugeuza maneno inafanyikaje? Vijana wanaoandika vichekesho huniandikia kuuliza, nami huwajibu hivi. Kiswahili ni lugha yenye forodha. Nomino haipiti bila kuulizwa hati: ngeli yako ipi? Waingereza wanaweza kutumia neno lenye maana mbili na kulifunga kwa maneno mengine wapendavyo, siri isitoke. Sisi tukisema kaa huyu, tumemtaja wa pwani mwenye miguu ya kubana. Tukisema kaa hili, tumetaja la moto. Kiunganishi kidogo tu, wa au la, kinamwaga mchuzi. Kwa hiyo fundi wa utani huliacha neno uchi, bila kivumishi na bila kiwakilishi, mpaka msikilizaji amekwisha kuchagua maana yake. Ndipo analivalisha nguo ya maana ya pili.

Mfano. Mgeni anaambiwa: kaa hapo. Naye anajibu: la moto nitaungua, wa pwani atanibana, nipeni kiti. Ameanza na neno lisilo na ngeli, kwa sababu wenyeji walisema kitenzi, kisha akazitoa nomino mbili mfululizo kwa la na wa. Au mama mkwe anasema kwa sauti: mkwe wetu amefika, leteni mbuzi. Mkwe anakaza mkanda kwa furaha, anaona nyama. Kinaletwa kibao cha kukunia nazi. Mama mkwe angesema mleteni mbuzi, mzaha ungekufa palepale, maana ile m mwanzoni mwa kitenzi imekwisha kumtaja mnyama. Herufi moja ndiyo inayotenganisha kicheko na kimya.

Njia ya pili ni kukata neno mahali ambapo mwenye lugha hakulikata. Njia ya tatu ni kuyachezea majina ya mahali, kwa kuwa hayo huishi bila mkia wa mahali. Husemi Lindini, unasema Lindi. Lakini lindi katika Kiswahili ni shimo refu. Basi mtu wa mji mwingine akisikia umetoka Lindi, anakuuliza nani alikuvuta kwa kamba. Na mtu wa Lindi aliyefundwa hakasiriki. Anajibu kwamba kwao ndiko kwenye kina, wenzake wako juu juu tu. Mzaha umekwenda, mzaha umerudi, na kila mmoja amepata chake.

Hapo, wapenzi wasikilizaji, tumeufikia utani wenyewe. Katika nchi yetu utani haumaanishi masihara ya mtu yeyote kwa mtu yeyote. Ni uhusiano. Babu na mjukuu ni watani, shemeji na shemeji ni watani, na makabila mazima ni watani. Pwani ya kusini wanakaa Wamwera, Wamatumbi, Wangindo, Wamachinga, Wamakonde na Wayao, na kila mmoja anajua mtani wake ni nani na kwa nini. Aghalabu sababu ni mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni njia: misafara iliyoteremka kutoka Ziwa Nyasa mpaka Kilwa Kivinje katika karne ya 19, na pembe na watumwa, iliwalazimu watu wasiojuana kulala kijiji kimoja na kuombana maji. Ya pili ni vita. Wangoni, ambao mababu zao walivuka mto Zambezi kutoka kusini, walipigana na wengi, na mwaka 1882 wapiganaji wao waliivamia Masasi. Wana watani wengi. Waliochinjana jana walihitaji namna ya kusalimiana kesho, na utani ukawa ndiyo salamu hiyo.

Mwaka 1940 mtaalamu wa Kiingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika makala mashuhuri juu ya jambo hili. Alieleza kwamba ni uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumkejeli mwenzake, naye mwenzake analazimika kutokasirika. Mwaka uliofuata R. E. Moreau akaandika juu ya utani wa Tanganyika hasa, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Moreau kazi yake ilikuwa ndege. Alikaa Amani, kule Usambara, akisoma mabawa na mayai. Hata mtaalamu wa ndege, akiishi katika nchi hii, alilazimika kuacha darubini yake na kuandika kwa nini watu wanatukanana msibani bila kupigana.

Nasema msibani kwa sababu huko ndiko utani unakopimwa. Niliwahi kuhudhuria maziko katika kijiji kisicho mbali na Lindi. Marehemu alikuwa mzee mwenye wajukuu, na watani wake walifika mapema. Mmoja alikuwa amevaa kofia ya marehemu na kutembea kama yeye, mguu wa kushoto ukiburuta. Familia ilipotangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, yeye akajitokeza na kudai kicheko alichomkopesha marehemu mwaka wa njaa. Kaburini aliteremka kabla ya maiti, akajinyoosha, akasema kiwanja kimepimwa, ni chake, na asiyelipa kodi hapiti. Watu wakatoa sarafu. Kisha akaulizia mahali panapolazwa maiti, ile nafasi ya ndani ambayo sisi sote tunaiita mwanandani. Akapiga kelele: mwana ndani, sawa, lakini huyu ni baba mwenye wajukuu, chimbeni babandani!

Watu walicheka, ndugu zangu, kaburini. Kijana mkubwa wa marehemu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajalia wala hajasema neno, alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka machozi, akalia kama anavyopaswa kulia mtu aliyefiwa na baba. Wazee walitazamana. Hilo ndilo walilokuwa wakilisubiri. Na yule mtani? Alishika jembe. Alifukia tangu mchanga wa kwanza mpaka wa mwisho, na jasho lake halikuwa la mzaha.

Wako watakaosema kwamba kuchezea neno la kaburi ni ushenzi wetu sisi. Hao nawapeleka kwa Shakespeare. Katika Romeo and Juliet, Mercutio amechomwa upanga, damu inatoka, naye anatumia pumzi zake za mwisho kuchezea neno moja la Kiingereza ambalo ni kaburi na pia ni sifa ya mtu asiye na masihara. Shakespeare alipenda mambo hayo. Mchezo wake wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na tafsiri ikatolewa mwaka 1963, unaanza na mshona viatu anayecheza na maneno mawili yanayosikika sawa, soli ya kiatu na roho ya mtu. Mfasiri anakutana na mtego huo mlangoni, kabla hajavua viatu. Mzaha wa maneno ni kiumbe wa lugha moja. Ukiuvusha mto, mara nyingi unafika ng'ambo ukiwa maiti. Kwa sababu hiyo kijana anayeandika vichekesho kwa Kiswahili hawezi kuazima. Lazima achimbe hapahapa.

Lakini tusidhani mchezo wa maneno ulikuwa wa kuchekesha tu. Mnyonge naye aliutumia kama pazia. Pwani kulikuwa na kinyume, lugha ya kuileta mbele silabi ya mwisho, nyumba ikawa mbanyu, na Askofu Edward Steere alichapisha mifano yake mwaka 1870. Watoto waliitumia kuwaficha wakubwa, na wakubwa kuwaficha wageni. Khanga, iliyopewa jina la ndege mwenye madoadoa, ikaja kuwa mdomo wa mwanamke ambaye hakupewa nafasi barazani.

Chini ya utawala wa Wajerumani pazia hilo lilikuwa la lazima. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kule Kilwa, alinyongwa Novemba 1895 katika mwembe pale Kilwa Kivinje. Mahali hapo watu wakapaita Mwembe Kinyonga. Mgeni akilisikia jina hilo leo, au akisikia kwamba hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga, anamfikiria yule mnyama mpole abadilishaye rangi, na anatabasamu. Mwenyeji anasikia kitenzi. Neno moja limebeba mnyama na kitanzi, na kwa miaka yote hiyo limehifadhi jambo ambalo wakati wake halikuweza kuandikwa ukutani.

Miaka kumi baadaye, katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, habari ilianza kupita kwa siri mdomo hadi sikio. Wenyewe waliiita njwiywila, maana yake mnong'ono. Ilisema kule Ngarambe yupo Kinjikitile Ngwale mwenye maji. Maji hayo yalikuwa na maana mbili: yalisemwa kuwa dawa ya mazao, na yalisemwa kuwa yatageuza risasi maji. Waliowapelekea watu dawa hiyo waliitwa hongo, neno ambalo kwa Kiswahili cha misafara lilikuwa ushuru wa njia. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita viliendelea mpaka 1907. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa.

Ebrahim Hussein, mwandishi wetu mkubwa wa tamthilia, alizaliwa Lindi mwaka 1943, na tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Humo anaonyesha jinsi mtu anavyozaa neno, na neno likakua likamzidi aliyelizaa. Nalikumbuka fundisho hilo kila nikisikia mtu akisema, aa, ni maneno tu. Pwani ya kusini ni mahali ambapo watu wanajua kwamba hakuna maneno tu.

Sasa turudi mjini. Vichekesho vya Kiswahili vya redio na jukwaa vimeoga katika maji hayahaya. Redio Tanzania ilitupatia Pwagu na Pwaguzi, majina yaliyokatwa kutoka methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi. Miaka ya 1990 vikundi vya TOT na Muungano vilishindana kwa mipasho, na Khadija Kopa na Nasma Khamis waliwafanya watu wa Dar es Salaam wagawanyike kama mashabiki wa Simba na Yanga. Wakaja Ze Comedy miaka ya 2000, na sasa wamekuja hawa wasimamao peke yao.

Nimewasikiliza wengi. Wapo mafundi wa kweli, wanaojua kuliacha neno uchi na kulivalisha kwa wakati wake. Lakini nimesikia pia vichekesho vingi juu ya watu wa kusini ambavyo havina ufundi wowote. Mtu anataja kabila, anaiga lafudhi, ukumbi unacheka. Hapo hakuna neno lililogeuzwa. Kilichogeuzwa ni mtu.

Tofauti iko katika kanuni tatu ambazo yule mtani wa makaburini alizijua bila kusoma Radcliffe-Brown. Ya kwanza, utani una pande mbili. Unayemtania ana haki ya kukujibu, na unatakiwa ulipokee jibu lake kwa meno yote nje. Mmachinga anayeuza mashati hana kipaza sauti. Ukimtania ukiwa jukwaani, naye yuko juani, huo si utani, ni hotuba. Ya pili, utani unahitaji ujuzi. Mtani aliujua mguu wa marehemu ulioburuta, aliujua mwaka wa njaa. Anayemtania mtu wa Lindi sharti aijue Lindi: ajue kwamba mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulifika Nachingwea na kushindwa, kwamba reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa, na kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 masika yaliweza kulifanya basi lilale siku kadhaa ng'ambo ya Rufiji. Ukiyajua hayo, mzaha wako juu ya mtu wa kusini aliyechelewa kufika utakuwa na ncha mbili, na moja itamchoma aliyeijenga barabara akiwa amechelewa kuliko wote.

Kanuni ya tatu ndiyo nzito. Utani una wajibu. Yule aliyepewa ruhusa ya kukejeli ndiye huyohuyo anayetakiwa kuchimba, kubeba, kufukia, na kubaki nyuma na wafiwa wageni wakishaondoka. Ruhusa na jembe vilitolewa pamoja. Mji umeichukua ruhusa, jembe ukaliacha kijijini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na nadhani usaha huo hutoka pale kicheko kinapokuwa cha bure kwa achekaye na cha gharama kwa achekwaye.

Kwa hiyo, kijana wangu unayeandika vichekesho, nakuomba usiache. Tunakuhitaji. Nchi isiyojicheka inaogopwa na watoto wake. Chimba ngeli, kata maneno, wageuze masultani na mawaziri, na sisi wasemaji wa redio usitusamehe. Lakini kabla hujalipeleka jina la watu jukwaani, jiulize swali moja la zamani la pwani ya kusini: siku wakifiwa hawa, nitakwenda? Kama jibu ni ndiyo, watanie mpaka wakae chini. Kama jibu ni hapana, wewe si mtani wao. Tafuta mzaha mwingine.